Kupima kitovu cha Njia Nyeupe kwa dishi kuukuu, ukiwa Dar es Salaam

Kitovu cha galaksi yetu, Njia Nyeupe, kiko kwenye kundinyota la Mshale (Sagittarius), deklinesheni (yaani latitudo ya anga) nyuzi 29 kusini. Dar es Salaam iko latitudo nyuzi 6.8 kusini. Kwa hiyo kila siku kitovu hicho kinapita juu ya jiji letu nyuzi 22 tu kusini mwa utosi, yaani sehemu ya anga iliyo juu kabisa ya kichwa. London kinapanda nyuzi 9 hivi juu ya upeo wa macho, kisha kinazama. Zaidi ya hapo, sisi tunaona pande zote mbili za kitovu kwa usiku mmoja, upande wa Nge na Salibu kusini na upande wa Tai (Aquila) na Dajaja (Cygnus) kaskazini. Kwa kazi hii Dar ni mahali pazuri kuliko miji mingi yenye vyuo vikubwa vya astronomia, na vifaa vyake vingi vinapatikana Kariakoo.

Kwa macho huoni kitu kule. Kati yetu na kitovu kuna takriban miaka 27,000 ya nuru, na njia nzima imejaa vumbi. Nuru ya kawaida inamezwa kiasi kwamba kati ya fotoni trilioni moja hufika moja hivi. Mawimbi ya redio hayazuiliwi na vumbi hilo. Ndiyo maana Karl Jansky, aliyekuwa akitafuta chanzo cha mikwaruzo kwenye simu za redio huko New Jersey, Marekani, alitangaza mwaka 1933 kwamba kelele aliyoipata kwenye masafa ya megahezi 20.5 ilitoka upande wa Mshale. Mwaka 1944 Hendrik van de Hulst wa Uholanzi alikokotoa kwamba atomu za haidrojeni zinapaswa kutoa wimbi la sentimita 21, na tarehe 25 Machi 1951 Ewen na Purcell walilipata kule Harvard kwa antena ya umbo la pembe iliyochungulia dirishani. Wimbi hilo, megahezi 1420.406, ndilo tutakalolitumia.

Tuelewane mapema kuhusu kile dishi la nyumbani linachoweza. Shimo jeusi lenyewe, Sagittarius A*, liligunduliwa Februari 1974 na Balick na Brown, na picha yake iliyotolewa tarehe 12 Mei 2022 ilihitaji darubini zilizotawanyika duniani zikifanya kazi kwa pamoja. Hilo hutalifikia. Utakachoweza ni kupima kasi ya gesi inayozunguka kitovu, na kutokana na kasi hiyo kukokotoa uzito wa kila kitu kilicho ndani ya mzunguko wake. Ni kipimo halisi, na jibu lake linaweza kulinganishwa na la wataalamu.

Dishi

Tafuta dishi kubwa la wavu la zamani, lile la mita 1.8 au 2.4 lililokuwa likitumika kabla ya ving'amuzi vya dishi dogo. Bado yapo mengi juu ya mapaa, yameachwa yaote kutu, na mwenye nyumba mara nyingi atashukuru ukimwondolea. Matundu ya wavu yawe chini ya sentimita 2. Ya madishi haya huwa milimita chache, kwa hiyo hakuna shida. Kagua umbo zaidi ya kutu. Funga kamba mbili zikikatiza mdomo wa dishi kama alama ya kujumlisha. Zikigusana katikati, mdomo umekaa sawa. Zikiachana kwa zaidi ya sentimita 2, dishi limepinda na inabidi linyooshwe.

Dishi dogo la king'amuzi halifai. Upana wa eneo la anga ambalo dishi linaona ni takriban 70 mara urefu wa wimbi, ugawe kwa kipenyo. Kwa mita 1.8 ni nyuzi 8, kwa mita 2.4 ni nyuzi 6, kwa sentimita 90 ni nyuzi 16. Ukiona nyuzi 16 kwa mkupuo, kasi za sehemu mbalimbali za galaksi zinachanganyika na hesabu ya mwisho inaharibika. Tena madishi hayo yametengenezwa yaangalie pembeni, si mbele, na kupima pembe yake kunasumbua.

Sasa tafuta mahali mawimbi yanapokutana. Pima kipenyo D, na pima kina d kutoka kwenye mstari wa mdomo hadi chini kabisa katikati. Umbali wa mahali hapo kutoka chini ya dishi ni D² ugawe kwa 16d. Dishi la mita 1.8 lenye kina cha sentimita 30 linatoa 3.24 ÷ 4.8, yaani sentimita 67.5. Mdomo wa kopo la kupokelea ukae hapo hapo. LNB ya zamani, kile kipokezi kidogo kilichokaa mbele ya dishi, iondoe, haipokei masafa haya.

Kopo la kupokelea

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nenda taratibu. Kopo ni bomba la bati lililofungwa nyuma na kuachwa wazi mbele, na kipenyo chake kinaamua kama wimbi la sentimita 21 litapita. Chini ya sentimita 12.4 wimbi haliingii kabisa. Juu ya sentimita 16.2 linaingia kwa mitindo miwili tofauti na dishi linaanza kuona ovyo. Lenga sentimita 15.5. Makopo ya rangi ya lita 4 mara nyingi yanazidi kipimo hicho. Pima kwa rula kabla hujakubali kopo la mtu.

Njia ya uhakika ni kumpelekea kazi fundi bati. Kwenye mtaa wa Gerezani watakukunjia bomba kwa muda mfupi ukifika na vipimo vilivyoandikwa. Mpe hivi: bati la mabati lisilo na rangi, upana sentimita 27, urefu sentimita 48.7, ongeza sentimita 1 ya kuunganishia, na kifuniko cha duara cha nyuma. Maungio yote yachomewe risasi mfululizo, si kwa nukta nukta. Ufa kwenye maungio unavujisha mawimbi, na mvua inapita hapo hapo.

Toboa tundu la konekta ya aina ya N sentimita 8.75 kutoka kwenye kifuniko cha nyuma, ukipimia ndani. Kwenye ncha ya katikati ya konekta chomea waya mnyoofu wa shaba, ule mgumu wa milimita za mraba 2.5 wa kutandazia umeme wa nyumba, ukiwa umemenywa. Urefu wake kutoka kwenye ukuta wa kopo hadi nchani uwe sentimita 5.1. Ukiweza kuazima NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena, anza na sentimita 5.4 kisha kata nusu milimita kwa wakati mmoja mpaka bonde la mwakisiko liangukie megahezi 1420, likiwa chini ya desibeli −15. Bila kifaa hicho, sentimita 5.1 itafanya kazi vizuri tu.

Funika mdomo wa kopo kwa nailoni nyembamba iliyovutwa na kufungwa kwa mpira. Haizuii wimbi. Inazuia manyigu, ambao hupenda sana bomba kama hili na hujaza nyuma udongo mbichi, nao udongo wenye maji unakula mawimbi. Toboa pia kitundu cha milimita 3 upande wa chini ili unyevu utoke.

Amplifaya, kebo na kipokezi

Amplifaya ya kelele ndogo iliyotengenezewa 1420 MHz na yenye filta ndani yake, kwa mfano Nooelec SAWbird H1, ndiyo kifaa pekee ambacho inabidi kuagiza nje pamoja na kipokezi chenyewe. Usijaribu kupita njia ya mkato kwa amplifaya ya televisheni. Jiji letu limejaa minara ya simu, na amplifaya isiyo na filta inazidiwa na minara hiyo kabla haidrojeni haijasikika.

Iunganishe moja kwa moja kwenye konekta ya kopo, bila kebo katikati. Kila desibeli 0.1 inayopotea kabla ya amplifaya inaongeza kelvini 7 hivi za kelele (kelele ya redio hupimwa kama joto), kwa sababu kebo yenyewe ina joto la mazingira yetu, kelvini 300. Nusu desibeli ni kelvini 35 nzima. Baada ya amplifaya mambo hulegea: kebo ya kawaida ya dishi, RG-6, ya mita 10 inapoteza desibeli 2 au 3 na haina madhara. Usijali kwamba ni ya omu 75 wakati vifaa vingine ni vya omu 50.

Kipokezi ni RTL-SDR Blog V3, kijiti cha USB cha kupokelea redio kwa kompyuta, au kinachofanana nacho. Ubora wake kwa kazi hii ni mambo mawili: saa yake ya ndani inakosea kwa sehemu 1 katika milioni, ambayo ni kilomita 0.3 kwa sekunde tu ukiigeuza kuwa kasi, na kinaweza kutuma umeme wa volti 4.5 kupitia kebo hadi kwenye amplifaya. Udhaifu wake ni joto. Kwenye masafa haya ya juu chipu ya kipokezi ikichemka inapoteza mshiko, na spektra (mchoro wa nguvu kwa kila masafa) inakuwa tambarare ghafla. Kisanduku cha plastiki kilichofungwa kabisa juu ya bati saa nane mchana kitaleta tatizo hilo bila shaka. Kiweke kivulini, karibu na kompyuta, na bamba la aluminiamu mgongoni.

Konekta zote za nje zizungushie mkanda wa mpira unaojishika wenyewe, kisha mkanda wa umeme juu yake. Hewa ya chumvi ya Kigamboni, Mbezi Beach au Msasani inaingia kwenye nyuzi za konekta isiyofunikwa, shaba inageuka kijani, na volti za amplifaya zinaanza kuyumba. Dalili yake ni kelele inayopanda na kushuka upepo ukipiga.

Mahali na fremu

Masafa kati ya 1400 na 1427 MHz yamehifadhiwa kimataifa kwa ajili ya kusikiliza tu. Hakuna anayeruhusiwa kurusha humo. Kelele itakayokusumbua inatoka kwa majirani wa karibu: chaja za bei rahisi, taa za LED, inverta za sola, king'amuzi. Zima unavyoweza, na endesha kompyuta kwa betri yake. Paa la ghorofa Kariakoo litafanya kazi kwa shida. Bunju, Mbweni, sehemu za ndani za Kigamboni au njia ya Kisarawe ni nafuu kubwa.

Usihangaike na mtambo wa kufuata nyota. Acha dunia izungushe anga. Dishi liwekwe kwenye fremu ya mbao yenye bawaba mbili ambazo mhimili wake unalala mashariki-magharibi, ili liinamie kaskazini au kusini tu. Mnyororo wa chuma unalishikilia. Ukihama pingili, umebadilisha pembe. Kwa kusoma pembe, laza rula ndefu ya fundi mwashi ikikatiza mdomo wa dishi na uweke juu yake simu yenye programu ya kupima mwinamo. Kosa la nyuzi 1 linavumilika kwa kuwa dishi linaona nyuzi 8.

Mstari wa kaskazini-kusini upate kwa kivuli cha timazi, si kwa dira, kwani chuma cha dishi na nondo za paa vinaipotosha dira. Tafuta kwenye Stellarium, programu ya ramani ya anga, dakika ambayo Jua linavuka mstari huo siku hiyo, kisha chora kivuli cha uzi. Mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba kivuli hakipatikani kwa sababu Jua linapita utosini kwetu, ila siku hizo zina faida nyingine: lenga dishi juu moja kwa moja na Jua litapita katikati yake lenyewe.

Jaribio la Jua

Usitafute galaksi kabla hujalipata Jua. Tarehe 15 Agosti, kwa mfano, Jua la mchana liko nyuzi 21 kaskazini mwa utosi. Inamisha dishi hapo nusu saa kabla na uangalie nguvu ya jumla. Likiingia katikati, nguvu inapaswa kuongezeka mara mbili au zaidi. Ikipanda kidogo tu, sogeza kopo mbele au nyuma sentimita 1 kwa wakati mmoja mpaka kilele kiwe kirefu kabisa. Kikija mapema au kikichelewa kwa zaidi ya dakika 5, mhimili wa bawaba umekaa upande. Kwa dishi la bamba linalong'aa, si la wavu, paka kwanza rangi isiyong'aa, maana litakusanya joto la Jua na kuyeyusha nailoni na mkanda.

Kisha pima kelele ya mtambo. Liondoe kopo kwenye dishi, lielekeze kwenye ardhi kavu au ukuta mnene, ambao ni kelvini 300, na urekodi nguvu. Lielekeze kwenye anga tupu, kama kelvini 10, rekodi tena. Gawanya ya kwanza kwa ya pili upate Y. Kelele ya mtambo ni (300 − 10Y) ÷ (Y − 1). Y ikiwa 3, jibu ni kelvini 135, na hapo umefanya kazi safi. Y ikiwa chini ya 2, kelele ni kelvini 280 au zaidi: rudi kwenye konekta ya kopo, kuna kitu hakijagusana au amplifaya haipati umeme.

Ratiba ya usiku

Kitovu kinavuka mstari wa Dar saa 4:35 usiku tarehe 15 Julai, saa 2:33 usiku tarehe 15 Agosti, na saa 12:31 jioni tarehe 15 Septemba. Kila siku kinatangulia dakika 4. Miezi hii ya kiangazi ndiyo ya kufanyia kazi. Mawingu yenyewe hayazuii wimbi la sentimita 21, lakini masika hulowesha konekta na kutikisa fremu. Desemba iache: Jua linasimama karibu kabisa na kitovu na kelele yake inafunika kila kitu.

Anga tunaigawa kwa longitudo ya galaksi, l, ambapo 0 ni kitovu. Kwa dishi linaloinama tu, hizi ndizo pembe kutoka utosini hapa Dar, na dakika kabla au baada ya kitovu kuvuka:

l = 330: nyuzi 46 kusini, dakika 105 kabla
l = 340: nyuzi 38 kusini, dakika 58 kabla
l = 350: nyuzi 30 kusini, dakika 25 kabla
l = 0: nyuzi 22 kusini
l = 20: nyuzi 5 kusini, dakika 42 baada
l = 30: nyuzi 4 kaskazini, dakika 60 baada
l = 40: nyuzi 13 kaskazini, dakika 79 baada
l = 50: nyuzi 22 kaskazini, dakika 98 baada
l = 60: nyuzi 31 kaskazini, dakika 118 baada

Tarehe 15 Agosti unaanza saa 12:48 jioni na kumaliza saa 4:31 usiku. Kila sehemu rekodi dakika 5, ukianza dakika 2 na nusu kabla ya muda wake. Muda uliobaki ni wa kuhamisha mnyororo.

Ukimaliza, rudisha dishi nyuzi 22 kusini na uliache. Saa 7 na dakika 6 baada ya kitovu kupita, yaani saa 9:39 alfajiri ya usiku huo, inapita pale pale ncha ya kusini ya galaksi, mahali ambapo haidrojeni ni chache sana. Deklinesheni yake, nyuzi 27 kusini, inatofautiana na ya kitovu kwa nyuzi 2 tu. Hii ni zawadi ya jiografia: unapata rekodi ya "anga tupu" bila kugusa dishi, kwa pembe ile ile na kelele ile ile ya ardhi. Irekodi dakika 10. Hiyo ndiyo sakafu utakayogawia rekodi zako zote.

Kurekodi

Kwenye Linux, washa umeme wa amplifaya kisha rekodi:

rtl_biast -b 1
rtl_sdr -f 1420000000 -s 2400000 -g 36.4 -n 720000000 l30.bin

Faili moja la dakika 5 ni gigabaiti 1.44, kwa hiyo andaa nafasi. Masafa ya katikati yasiwe 1420.4 kamwe, kwa kuwa kipokezi huacha mwiba bandia katikati ya spektra, na utauona kama haidrojeni. Kwa l kati ya 0 na 90 tumia 1420.0, kama hapo juu, maana gesi ya upande huo inatukimbia na masafa yake yanashuka. Kwa l kati ya 270 na 360 tumia 1420.8. Rekodi ya anga tupu ifanye kwa masafa yote mawili.

Kugeuza faili kuwa spektra, mistari hii ya Python inatosha:

import numpy as np
N = 512
jumla = np.zeros(N)
idadi = 0
with open("l30.bin", "rb") as f:
    while True:
        d = np.fromfile(f, dtype=np.uint8, count=2*N*2000)
        if d.size < 2*N*2000:
            break
        z = (d[0::2]-127.5) + 1j*(d[1::2]-127.5)
        z = z.reshape(-1, N)
        s = np.fft.fftshift(np.fft.fft(z, axis=1), axes=1)
        jumla += (np.abs(s)**2).sum(axis=0)
        idadi += z.shape[0]
wastani = jumla/idadi

Vipande 512 vya megahezi 2.4 vinafanya kila kipande kiwe kilohezi 4.69, ambayo ni sawa na kilomita 1 kwa sekunde kwa wimbi hili. Ndiyo sababu ya kuchagua 512. Kwa mtambo wa kelvini 150 na dakika 5, kelele inayobaki kwenye kila kipande ni kelvini 0.13, wakati kilima cha haidrojeni kwenye bapa la galaksi kina makumi ya kelvini. Hakijifichi.

Gawanya wastani wa l = 30 kwa wastani wa anga tupu, toa 1, zidisha kwa kelele ya mtambo. Tupa asilimia 8 ya kila ukingo, ambako filta ya kipokezi inaporomoka. Sakafu ikibaki na mwinamo, ichoree mstari kupitia sehemu zisizo na haidrojeni na uitoe. Usitumie mkunjo wa kupindapinda mno, utakula na kilima chenyewe.

Haidrojeni ina upana wa kilohezi mia kadhaa na mabega laini. Mwiba mwembamba wa kipande kimoja au viwili ni chaja ya mtu. Ukiwa na shaka, punguza -g (ukuzaji wa kipokezi) hadi 28.0 na urudie. Umbo la kilima likibadilika, ulikuwa umezidiwa na mnara. Likibaki vile vile, ni la kweli.

Kutoka masafa hadi uzito

Kasi ni (1420.406 − masafa) ÷ 0.004738, masafa yakiwa kwa megahezi; jibu ni kilomita kwa sekunde, chanya kwa gesi inayotukimbia. Ondoa mwendo wa dunia na wa Jua. Dunia inazunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde: Machi inakimbilia upande wa kitovu, Septemba inakikimbia. Jua nalo lina mwendo wake wa kilomita 20 kwa sekunde kati ya nyota jirani. Maktaba ya Python iitwayo astropy itakukokotolea kwa kila tarehe. Kwa kujihakiki, katikati ya Agosti masahihisho ya l = 0 ni kupunguza kilomita 14 kwa sekunde, na ya l = 30 hayafiki hata 2.

Spektra ya l = 0 inashangaza wengi: kilima chembamba kimoja karibu na kasi 0. Katikati ya Agosti utakiona kwenye 1420.34 MHz kabla ya masahihisho. Hakuna kilichoharibika. Gesi kati yetu na kitovu inazunguka ikikatiza mbele yetu, haiji wala haiendi, kwa hiyo athari ya Doppler, yaani masafa kuhama kwa sababu ya mwendo, inakosekana. Ukirekodi nusu saa nzima na sakafu ikiwa nzuri, tafuta uvimbe mdogo upande wa kasi hasi, karibu na −53. Huo ni mkono wa kiloparseki 3 (kiloparseki moja ni miaka 3,260 hivi ya nuru), uliotambuliwa miaka ya 1950 na kundi la Oort huko Uholanzi, unaokuja upande wetu kutoka sehemu za ndani.

Uzito unapatikana pembeni mwa kitovu. Chukua l = 30. Kwenye mstari huo wa kuona, gesi yenye kasi kubwa kabisa ni ile iliyo karibu zaidi na kitovu, mahali mstari unapougusa mduara wake. Sisi tuko kiloparseki 8.2 kutoka kitovu, kwa hiyo umbali wa gesi hiyo kutoka kitovu ni 8.2 × sin 30, yaani kiloparseki 4.1. Soma ukingo wa mbali wa kilima, pale kinaposhuka hadi nusu ya bega lake la mwisho. Utapata kati ya 100 na 120. Usisome pale kinapogusa sakafu, kwa sababu mtikisiko wa gesi yenyewe unaongeza kilomita 10 hivi. Tuseme 110. Ongeza mwendo wetu wenyewe wa kuzunguka kitovu, kilomita 220 kwa sekunde: 220 × sin 30 = 110. Kasi ya mzunguko ni 220.

Uzito kwa idadi ya Majua ni kasi mraba, mara umbali, ugawe kwa 0.0000043 (namba ya mvutano ya Newton kwa vipimo hivi). Yaani 48,400 × 4.1 ÷ 0.0000043, ambayo ni Majua bilioni 46. Shimo jeusi lina uzito wa Majua milioni 4 tu, sehemu moja katika elfu kumi na zaidi ya hesabu yako. Nyota na gesi ndizo zinazobeba sehemu ya ndani ya galaksi.

Fanya hivyo kwa 20, 40, 50 na 60, na uchore kasi dhidi ya umbali. Mstari utabaki karibu tambarare badala ya kushuka. Kwa upande wa kusini, 340 na 330, ukingo unaosomwa ni wa kasi hasi. Geuza alama na utumie sin ya 20 na 30. Pande mbili zikitofautiana kwa kilomita 10 au 15, usirekebishe kitu, galaksi yenyewe haiko sawa pande zote. Zikitofautiana kwa 40, masahihisho ya mwendo wa dunia yameingia kwa alama iliyogeuzwa.

Usitumie njia hii chini ya l = 20. Katikati ya Njia Nyeupe kuna mwamba mrefu wa nyota, kama ule wa goli, unaovuta gesi pembeni, mizunguko haiko tena ya duara, na hesabu itakupa uzito uliovimba. Kwa sehemu hizo linganisha umbo la spektra tu. Tovuti ya taasisi ya Argelander ya Bonn inatoa spektra za HI4PI, uchunguzi wa haidrojeni ya anga nzima wa mwaka 2016, kwa mwelekeo wowote, na inakuruhusu kutaja upana wa uoni wa antena yako. Andika nyuzi 8, weka l, na b (latitudo ya galaksi) = 0, na ulaze mchoro wao juu ya wako. Vilele vikikaa mahali pamoja lakini chako ni kifupi, kelele ya mtambo uliyokokotoa ni ndogo kuliko ilivyo kweli. Rudia kipimo cha ardhi na anga kopo likiwa limekauka.